Kazi ya Shuruti: Kuandika Sheria Mpya Hakutoshi Bila Kufuta za Kale

Nchi inaporidhia mkataba wa kimataifa wa kazi hujifunga kwa mambo mawili, yaani kuandika katika sheria zake kile ambacho mkataba unakitaka, na kuondoa katika sheria hizo kile ambacho mkataba unakikataza. Jambo la kwanza halina ugumu mkubwa, kwa kuwa maneno ya mkataba yako tayari na Bunge linaweza kuyaingiza katika muswada karibu kama yalivyo. La pili ni zito, kwa sababu linaitaka serikali ipekue sheria zilizotungwa kwa miongo mingi, sheria ndogo za halmashauri na hata Katiba yenyewe, kisha ikubali kwamba baadhi ya vifungu vilivyowekwa kwa nia ya kuleta maendeleo vinagongana na haki ya mtu kufanya kazi kwa hiari yake. Katika suala la kazi ya shuruti, Tanzania na Kenya zimetimiza jambo la kwanza kwa kiwango cha kuridhisha, lakini katika lile la pili safari ya nchi hizo imekuwa ndefu, na kwa Tanzania haijafika mwisho.

Viwango vinasemaje

Msingi wa mjadala huu ni Mkataba Na. 29 wa Shirika la Kazi Duniani (ILO), uliopitishwa mwaka 1930, ambao unaieleza kazi ya shuruti kuwa ni kazi au huduma yoyote inayodaiwa kwa mtu kwa kumtishia adhabu ya aina yoyote, na ambayo mtu huyo hakujitoa mwenyewe kuifanya. Vigezo hapa ni viwili, tishio na ukosefu wa hiari, na vyote hupimwa kwa upana. Tishio si lazima liwe la kipigo au kifungo, kwani kumzuilia mtu mshahara alioufanyia kazi, kumshikia pasipoti au kumwambia kwamba ataripotiwa uhamiaji ni vitisho pia; na hiari iliyopatikana kwa hadaa, kama ya msichana aliyeahidiwa kusomeshwa mjini akaishia kulea watoto na kufua nguo bila malipo, haihesabiwi kuwa hiari.

Mkataba huo huo unataja mambo matano yasiyoingia katika maana ya kazi ya shuruti, nayo ni utumishi wa lazima jeshini endapo kazi yenyewe ni ya kijeshi tupu; wajibu wa kawaida wa raia; kazi ya mfungwa aliyetiwa hatiani na mahakama, kwa sharti kwamba anasimamiwa na mamlaka ya umma na hakodishwi kwa mtu au kampuni binafsi; kazi ya dharura kama vile vita, moto, mafuriko au magonjwa ya mlipuko; na kazi ndogo ndogo za jamii zinazofanywa na wanajamii wenyewe kwa manufaa yao ya moja kwa moja, baada ya wao au wawakilishi wao kushauriwa. Mwaka 1957 ulipitishwa Mkataba Na. 105, ambao unakataza kazi ya shuruti katika maeneo matano mahususi: kama adhabu ya kuwa na maoni ya kisiasa, kama njia ya kukusanya na kutumia nguvukazi kwa ajili ya maendeleo ya uchumi, kama chombo cha nidhamu kazini, kama adhabu ya kugoma, na kama njia ya ubaguzi wa rangi, jamii, taifa au dini.

Tanganyika iliridhia mikataba yote miwili mwaka 1962, miezi michache baada ya Uhuru, na Kenya ikafanya hivyo mwaka 1964. Tangu hapo sheria za nchi hizi zimekuwa zikichunguzwa na Kamati ya Wataalamu ya ILO, chombo cha wanasheria kilichoundwa mwaka 1926, ambacho husoma ripoti za serikali, hulinganisha sheria na mikataba kifungu kwa kifungu, na kutoa maoni yanayochapishwa.

Namba zilizorithiwa kutoka kwa mkoloni

Kuelewa kwa nini sheria za Afrika Mashariki zilikuwa na vifungu vya shuruti kunahitaji kurudi nyuma hadi enzi za ukoloni, kwa kuwa serikali za wakati huo zilitegemea nguvu za wenyeji zisizolipwa au zilizolipwa kidogo mno. Katika Afrika Mashariki ya Kijerumani, mashamba ya pamoja ya pamba ambayo wenyeji wa kusini walilazimishwa kuyalima yalikuwa miongoni mwa sababu kubwa za Vita vya Majimaji vya 1905 hadi 1907. Kodi ya nyumba na ya kichwa iliwasukuma wanaume kutafuta fedha katika mashamba ya walowezi, na baadaye mkonge wa Tanga ukakusanya maelfu ya vibarua wa mkataba walioitwa manamba. Nchini Kenya, kampeni ya kuchimba makinga maji kuzuia mmomonyoko wa udongo, iliyosimamiwa na machifu, ilizua upinzani mkubwa Murang'a mwaka 1947, na mwaka uliofuata wanawake wa huko wakaandamana kuikataa.

Jambo ambalo halitajwi mara nyingi ni kwamba Mkataba Na. 29 wenyewe ulikuwa na vifungu vya mpito vilivyoziachia nchi tawala nafasi ya kuendelea na kazi ya shuruti kwa shughuli za umma, kwa masharti kwamba wachukuliwe wanaume wenye afya wa umri wa miaka 18 hadi 45, na wasifanye kazi hiyo zaidi ya siku 60 katika miezi 12. Mipaka hiyo iliwekwa ili kupunguza maumivu wakati shuruti ikikomeshwa hatua kwa hatua, lakini iliingia katika sheria za makoloni na kubaki humo. Sheria ya Mamlaka ya Machifu ya Kenya iliruhusu wanaume wa umri huo huo, miaka 18 hadi 45, kufanyishwa kazi za kuhifadhi maliasili hadi siku hizo hizo 60 kwa mwaka, na kifungu hicho kiliendelea kuwamo miongo kadhaa baada ya bendera ya Uingereza kushushwa, huku Kamati ya Wataalamu ikikihoji mara kwa mara. Ni mageuzi ya mwaka 1997, yaliyotokana na mazungumzo ya vyama vya siasa kabla ya uchaguzi mkuu, ndiyo yaliyopunguza mamlaka ya machifu na kubadilisha jina la sheria hiyo. ILO nayo ilikuja kufuta vifungu vya mpito vya mkataba wake kwa Itifaki ya mwaka 2014, takriban miaka 84 tangu vilipoandikwa.

Nguvukazi na Ibara ya 25

Kwa upande wa Tanzania, mgongano ulitokana na falsafa ya maendeleo ya taifa huru zaidi ya urithi wa mkoloni. Baada ya Azimio la Arusha la 1967, kazi ilihesabiwa kuwa wajibu wa kila mtu na kipimo cha utu wake, na uvivu ukahesabiwa kuwa unyonyaji. Katika miaka ya 1970 ilikuja kampeni ya Kilimo cha Kufa na Kupona, na sheria ndogo za wilaya zikaamuru kila kaya ilime kiasi fulani cha mazao ya chakula au ya biashara. Mwaka 1983, uchumi ukiwa umeyumba na bidhaa zikiwa haba madukani, Bunge lilitunga sheria iliyojulikana kama Sheria ya Nguvukazi, ambayo iliipa serikali uwezo wa kuwaorodhesha watu wenye uwezo wa kufanya kazi na kuwapanga katika shughuli za uzalishaji. Jijini Dar es Salaam watu walioonekana hawana kazi maalumu walikamatwa barabarani na kupelekwa vijijini, wakiwamo wachuuzi wadogo waliokuwa wakijitafutia riziki kwa njia isiyokuwa na kitambulisho cha mwajiri.

Haki za binadamu ziliingizwa katika Katiba ya Tanzania mwaka mmoja baadaye, yaani 1984, na muda huo unaeleza mengi kuhusu namna Ibara ya 25 ilivyoandikwa. Ibara hiyo inatamka kwamba hakutakuwa na kazi ya shuruti katika Jamhuri ya Muungano, kisha inaorodhesha kazi ambazo hazitahesabiwa kuwa za shuruti. Nyingi kati ya hizo zinafanana na zile za Mkataba Na. 29, kama vile kazi inayotokana na hukumu ya mahakama, kazi za askari katika kutimiza majukumu yao na kazi za wakati wa maafa. Lakini mwishoni mwa orodha limewekwa jambo lisilokuwamo katika mkataba wowote, nalo ni kazi iliyo sehemu ya jitihada za taifa za kukusanya nguvu za watu kwa ajili ya kustawisha jamii na uchumi na kuhakikisha maendeleo na tija. Kile ambacho Mkataba Na. 105 unakikataza waziwazi, yaani kutumia shuruti kukusanya nguvukazi kwa ajili ya maendeleo ya uchumi, ndicho ambacho Katiba inakiondoa katika maana ya shuruti.

Mwaka 2004 Bunge lilitunga Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, na kifungu chake cha 6 ni mfano mzuri wa kuoanisha sheria, kwani kinaifanya kazi ya shuruti kuwa kosa la jinai, kinalitaja deni linalomfunga mtu kazini kuwa aina mojawapo ya shuruti, na kinarudia yale mambo matano ya Mkataba Na. 29 bila kuongeza la sita. Zanzibar, ambako masuala ya kazi si ya Muungano, ilitunga sheria yake ya ajira mwaka 2005. Tatizo ni kwamba sheria ya Bunge iko chini ya Katiba, na kwa hiyo Tanzania ina sheria ya kazi iliyo finyu na sahihi katika misamaha yake, ikikaa chini ya Katiba yenye msamaha mpana ambao sheria nyingine yoyote, au sheria ndogo ya halmashauri, inaweza kujikinga nao. Kampeni ya Nguvukazi imepita, lakini mwavuli wa kikatiba uliofunguliwa jirani yake bado haujakunjwa.

Tofauti na Kenya inaonekana hapo. Katiba ya Kenya ya 2010, katika Ibara ya 30, inasema kwa sentensi fupi kwamba mtu hatatakiwa kufanya kazi ya shuruti, bila orodha ya misamaha, na Ibara ya 2 inaufanya mkataba ulioridhiwa kuwa sehemu ya sheria za nchi. Misamaha imeachiwa Sheria ya Ajira ya 2007, ambayo mahakama inaweza kuipima kwa Katiba na kwa mkataba kwa pamoja.

Msaragambo, kambi na gereza

Mahali ambapo mwananchi wa kawaida hukutana na suala hili ni kijijini, katika kazi za pamoja zinazoitwa msaragambo katika baadhi ya mikoa ya Tanzania, ambazo zina ndugu zake kama bulungi bwansi nchini Uganda, umuganda nchini Rwanda na salongo nchini Kongo. Kusomba mawe na mchanga kwa ajili ya darasa la shule ya kata, au kuzibua mfereji wa maji ya kumwagilia ambao wakulima wenyewe wanautumia, ni utamaduni ambao hakuna mkataba unaoupinga. Swali huanza pale sheria ndogo inapoweka faini kwa asiyefika, na mtendaji wa kijiji akaandamana na mgambo kuchukua mbuzi au jembe la mdaiwa. Wakati huo kazi hiyo lazima ipite katika vipimo vitatu: kwanza, iwe ndogo kweli, kwa maana ya matengenezo ya kawaida na si ujenzi mkubwa wa miezi, pili, wanaonufaika wawe ni wale wale wanaoifanya, tatu, wawe wameshauriwa kabla, na muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji uonyeshe kwamba hoja ilijadiliwa na si kutangazwa tu. Barabara ya wilaya nzima inayochimbwa na kijiji kimoja haipiti katika kipimo cha pili, na agizo lililoshuka kutoka ngazi ya juu likasomwa mbele ya watu waliokwisha kupangiwa zamu halipiti katika kile cha tatu.

Jeshi la Kujenga Taifa nalo linahitaji kutazamwa kwa utulivu. Lilianzishwa mwaka 1963 kwa kujitolea, likawa la lazima kwa wahitimu mwaka 1966, hatua iliyosababisha maandamano ya wanafunzi wa chuo kikuu na kurudishwa makwao kwa wengi wao. Mafunzo ya mujibu wa sheria yalisitishwa mwaka 1994 na kurejeshwa mwaka 2013. Hakuna anayepinga kwamba taifa lina haki ya kuwafundisha vijana wake ulinzi. Hata hivyo, msamaha wa Mkataba Na. 29 unahusu kazi ya kijeshi tupu, na pale kijana aliyeitwa kwa lazima anapotumia sehemu kubwa ya muda wake shambani au katika ujenzi, msamaha huo haumfiki. Suluhisho halihitaji kuvunja jeshi hilo, kwani inatosha sheria itenganishe mafunzo ya ulinzi, ambayo yanaweza kuwa ya lazima, na shughuli za uzalishaji, ambazo zifanywe na waliojitolea.

Gerezani, mstari unapita kati ya mfungwa na mahabusu. Mfungwa aliyehukumiwa anaweza kufanyishwa kazi chini ya usimamizi wa umma, lakini mahabusu, ambaye kesi yake haijaamuliwa, hawezi kulazimishwa. Kuna pia jambo lisiloonekana kwa urahisi, kwamba kwa kuwa kifungo huambatana na kazi ya lazima, sheria yoyote inayomfunga mtu kwa kutoa maoni ya kisiasa kwa amani inagusa Mkataba Na. 105 hata kama ndani yake halimo neno kazi. Ndiyo maana sheria za magazeti na za vyama vya kijamii zimekuwa zikitajwa katika maoni ya Kamati ya Wataalamu. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, iliongeza uzito upande mwingine ilipotoa maoni ya ushauri mwezi Desemba 2020 kwamba sheria za uzururaji zinakwenda kinyume na Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu, na kwamba nchi zinapaswa kuzifuta au kuzirekebisha. Sheria za aina hiyo ndizo zilizotumika kwa muda mrefu kumlazimisha asiye na kazi ya mshahara aonyeshe kwamba anafanya kazi.

Shuruti ya waajiri binafsi

Ingawa mjadala wa sheria huelekezwa zaidi kwa serikali, takwimu zinaonyesha kwamba shuruti nyingi leo iko mikononi mwa watu binafsi. Makadirio ya ILO na washirika wake yaliyotolewa mwaka 2022 yanasema kwamba mwaka 2021 watu milioni 27.6 duniani walikuwa katika kazi ya shuruti, ambapo milioni 17.3 walikuwa katika sekta binafsi, milioni 6.3 katika biashara ya ngono ya kulazimishwa, na milioni 3.9 katika shuruti inayotokana na dola. Kwa Afrika Mashariki sura yake inajulikana: wafanyakazi wa majumbani wanaolala jikoni na kuambiwa mshahara wao unatunzwa, vijana wa mashambani na migodini ambao madeni ya chakula na nauli hayaishi, na wanawake wanaosafirishwa kwenda Ghuba.

Kwa shuruti ya aina hii kipimo cha sheria ni adhabu. Ibara ya 25 ya Mkataba Na. 29 inataka adhabu iwe ya jinai, iwe nzito vya kutosha, na itekelezwe bila ulegevu, na Kamati ya Wataalamu imeshikilia kwamba faini peke yake haitoshi. Sheria ya Tanzania ya 2004 iliweka faini isiyozidi shilingi milioni 5, au kifungo cha mwaka mmoja, au vyote viwili. Sheria ya Ajira ya Kenya iliweka faini isiyozidi shilingi za Kenya 500,000, au kifungo kisichozidi miaka miwili, au vyote viwili. Neno "au" katika vifungu hivyo linampa hakimu nafasi ya kumwachia mkosaji alipe na kuondoka. Kenya ina pia Sheria ya Kupambana na Usafirishaji Haramu wa Binadamu ya 2010, ambayo adhabu yake huanzia kifungo cha miaka 30 au faini ya shilingi milioni 30, kiasi kwamba tendo lile lile la kumleta mtu mjini kwa hadaa na kumfanyisha kazi bila malipo linaweza kuhesabiwa kosa dogo au kosa kubwa kutegemea sheria aliyoichagua mwendesha mashtaka. Kuoanisha sheria ni pamoja na kuziba pengo la namna hiyo.

Katika Ghuba tatizo linavuka mipaka. Oman iliridhia Mkataba Na. 29 mwaka 1998 na Mkataba Na. 105 mwaka 2005, lakini mfumo wa kafala, unaoifunga ruhusa ya mhamiaji ya kuishi nchini kwa mwajiri mmoja, umewafanya wafanyakazi wa majumbani washindwe kuondoka hata wanapoteswa. Shirika la Human Rights Watch lilichapisha mwaka 2017 ripoti kuhusu wanawake wa Kitanzania waliofanya kazi Oman na Umoja wa Falme za Kiarabu, ikieleza habari za pasipoti zilizoshikwa, mishahara iliyokatwa na saa za kazi zisizo na ukomo. Itifaki ya 2014 inazitaka nchi zizuie shuruti kabla haijatokea, zisimamie mawakala wa ajira, na zimpe mwathirika fidia bila kujali hali yake ya uhamiaji, na hatua hizo haziwezi kufanikiwa bila nchi inayopeleka na inayopokea kuwa na sheria zinazosomana.

Kinachobaki kufanywa

Wakati nao una shinikizo lake. Umoja wa Ulaya umepitisha kanuni itakayozuia kuanzia Desemba 2027 bidhaa zilizotengenezwa kwa kazi ya shuruti zisiuzwe katika soko lake, na kahawa, chai, pamba, samaki na maua ya Afrika Mashariki vinauzwa huko. Msafirishaji wa bidhaa atakayeulizwa maswali hatajibu kwa kifungu cha sheria peke yake, kwani atatakiwa aonyeshe kwamba maofisa kazi hukagua mashamba na kwamba kesi hufika mahakamani.

Hata hivyo, soko si sababu ya kwanza ya kufanya kilicho sahihi, na kazi iliyobaki si kubwa kiasi cha kuogofya. Kwa Tanzania, marekebisho ya Katiba yatakapojadiliwa, maneno yanayoiondoa nguvukazi ya maendeleo katika maana ya shuruti yafutwe katika Ibara ya 25. Halmashauri zitakiwe kupitia sheria ndogo zao za kilimo na za kazi za kujitolea, na kila moja ipimwe kwa vile vipimo vitatu. Na kifungo kiwe adhabu ya lazima kwa anayemfanyisha mtu kazi ya shuruti. Kwa Kenya, adhabu ya Sheria ya Ajira ilinganishwe na ile ya usafirishaji haramu wa binadamu. Katika nchi zote mbili, vyama vya wafanyakazi na vya waajiri, ambavyo vina haki ya kupeleka maoni yao Geneva pamoja na ripoti ya serikali, vitumie haki hiyo badala ya kuiachia wizara iandike peke yake. Taifa lililoamini kwamba kazi ni kipimo cha utu halina sababu ya kuogopa kuiacha kazi hiyo iwe ya hiari.